Mnyoo wa Siku Kumi na Sita

Inspekta Mukalay alikuwa na saa saba tu. Treni ya kuwapeleka watu Kasai ilikuwa iondoke stesheni ya Kolwezi saa kumi alasiri, na sasa ilikuwa saa tatu asubuhi, Alhamisi, tarehe kumi na nane ya mwezi wa tatu, mwaka ule wa 1993 ambao jirani alimfukuza jirani. Komanda wake, Kabongo, alimwambia neno moja kabla ya kumpa ufunguo wa seli: "Kama kabla ya treni haujaniletea jina ingine, huyu anabaki kwetu. Na we unajua kama akibaki, usiku hatutamulinda."

Nje ya dirisha la seli vijana wa chama cha siasa walikuwa wamesimama tangu alfajiri, vitambaa vichwani, wakiimba bila haraka kama watu wanaosubiri chakula. "Mutupatie kilulu yetu." Kilulu ni mdudu. Mwaka ule ndivyo walivyowaita watu wa Kasai, hata wale waliozaliwa Kolwezi na baba zao wakazikwa Kolwezi.

Ndani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliketi Tshilombo, fundi wa laboratware, maabara ya kampuni ya shaba, kwa miaka kumi na minne. Mwembamba, miwani imefungwa uzi sikioni. Karatasi ya mashtaka ilisema ameiba vikombe vitatu vya platini, vile vidogo vya kuunguzia unga wa mawe ili ijulikane shaba iko kiasi gani. Kikombe kimoja kinaingia kwenye kiganja, na kwa kikombe kimoja mtu anaweza kuvuka mpaka na familia yake yote.

"Tata Tshilombo, turudilie tena," alisema Mukalay, akivuta kiti. "Ufunguo wa laboratware ulitoa siku gani?"

"Siku ya tano ya mwezi huu, mukubwa. Ijumaa. Bale bavijana balisimama ku mulango, bakasema Bakasai bote batoke. Nikatia ufunguo mu mukono ya Gracien Kabemba. Akatia mu mufuko."

"Nani aliona?"

"Tulikuwa bane mule ndani. Batatu tuko Bakasai. Wa ine ni Gracien."

"Na kutoka siku ile ulilala wapi?"

"Ku stesheni, na bibi yangu Elise na mutoto. Chini ya mufuko ya plastiki. Batu mia tano baliniona."

"Wote Bakasai."

"Bote Bakasai," alikubali Tshilombo. "Na komanda alisema kinywa ya Mukasai haiandikwe."

Ilikuwa kweli, na Mukalay mwenyewe alikuwepo iliposemwa. Akafungua faili. Jumatatu tarehe nane mkurugenzi alihesabu vikombe, vyote vitatu vikawepo. Jumatatu tarehe kumi na tano kabati lilikuwa tupu na kufuli lake zima. Basi mwizi ni yule aliyekuwa na ufunguo katika siku hizo. Gracien aliapa kwamba Tshilombo hakuutoa ufunguo hadi Ijumaa tarehe kumi na mbili. Kwamba alikuwa akirudi kwa siri kulisha minyoo midogo aliyoifuga humo kwa uchunguzi wake. Na Gracien alikuwa na kitu cha kuonyesha.

"Kuna sahani ya kioo, ya minyoo," alisema Mukalay. "Juu ya kifuniko imeandikwa 12/3. Mwandiko ni wako. Kila mtu pale anasema ni wewe tu unayeanzisha sahani mpya, na unaandika siku minyoo inapotoka kwenye mayai. Kwa hiyo tarehe kumi na mbili ulikuwa ndani."

Tshilombo alivua miwani, akaifuta kwa shati lililokuwa chafu kuliko miwani.

"Mi niliandika 2/3. Ile moja ya mbele, haiko mi niliizaa."

"Kalamu ni ileile ya nta. Nimeiangalia."

"Kalamu inakaa mu kikombe, juu ya meza. Kila mukono inaweza kuifika." Akavaa miwani. "Inspekta, nikutegee kitendawili?"

"Sina saa ya mchezo, tata."

"Anazaliwa leo. Kesho kutwa ni msichana. Siku ya ine ni mama. Juma ya tatu ni bibi kizee, anavuta mwili kama gunia. Na hajatoka mu nyumba yake ya kioo hata siku moja."

Mukalay alimtazama. Bibi yake kule Kabongo, kijiji ambacho komanda alichukua jina lake, alimlea kwa vitendawili vya jioni, na kidole chake kikaanza kugonga faili kabla kichwa hakijamaliza. "Mnyoo," alisema. Kisha, polepole: "Unataka kusema mnyoo anaonyesha umri wake."

"Anaonyesha. Kama unajua kumuangalia."

Akaeleza, na alipoanza kueleza mabega yake yakapanda, akawa mtu mwingine. Baba yake alichimba shaba kwenye mgodi wa Mashamba miaka thelathini. Alipofika hamsini alishindwa kuinua kijiko, na daktari akasema ni uzee tu. Tshilombo akataka kujua uzee unaingia wapi kwanza. Mnyoo mdogo wa udongoni ana nyama za mwili kama mtu, na anazeeka kwa juma tatu. Zamani walitia rangi ili nyama zionekane, lakini rangi inaua. Unabaki kuangalia maiti. Halafu kampuni ikaanza kuanguka, rangi haikufika tena. Akaenda kuomba kwa watu wa mawe, wanajiolojia wa kampuni, hadubini yao ya zamani, ile yenye vioo viwili vya kuchuja mwanga. Ukizungusha kioo kimoja, kila kitu kinakuwa cheusi. Kinachobaki kuwaka gizani ni nyama, bila rangi, bila dawa, na mnyoo yuko hai anatembea.

"Kwa kijana ni mistari minyoofu, kama matuta ya mahindi. Kwa muzee matuta imevunjika, mwanga inakuwa kidogo kidogo. Nilichora kila siku, munyoo uleule, miaka mbili. Iko mu daftari. Balininyang'anya daftari hapa kwenu."

Daftari lilikuwa chini ya faili: jalada la kijani, kielelezo namba nne. Mukalay alikuwa amelipekua mara mbili akidhani ni michoro ya samaki.

"Leo ni kumi na nane," alisema Mukalay, akijisemea zaidi kuliko kusema. "Kama walizaliwa tarehe kumi na mbili, wana siku sita. Kama ni tarehe mbili, kumi na sita."

"Ndiyo, njo vile, mukubwa. Na munyoo hajui kusoma kifuniko."

*

Laboratware ilikuwa na madirisha makubwa na rafu zisizo na kitu. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwa umekatika tangu juzi. Gracien Kabemba alimpokea mlangoni, kijana wa miaka thelathini na kitu, uso mzuri, koti jeupe. Kwenye mfuko wa koti nyuzi za jina zilikuwa zimefumuliwa, lakini matundu ya sindano bado yalisomeka: TSHI.

"Karibu, inspekta. Mi niko shefu, mukubwa wa hapa sasa, ya muda."

"Nimesikia. Hongera."

"Pole yake Tshilombo. Alinifundisha kazi. Lakini bitu bya kampuni ni bitu bya kampuni."

Mukalay aliomba sahani na hadubini. Gracien alivileta bila kusita. Hadubini ilikuwa ya zamani, yenye kioo cha chini cha kukusanya mwanga kutoka dirishani, na saa sita jua lilikuwa limesimama vizuri. Kwenye kifuniko, 12/3. Ile moja ilibanwa ukingoni mpaka ikapinda kidogo, kama mtu aliyechelewa akapata nafasi mwisho wa benchi. Lakini kupinda hakumfungui mtu.

Akazungusha kioo kama alivyoelezwa. Giza. Halafu katika giza vikawaka vijiti, vingi, vinapindana, kila kimoja na mistari yake myeupe iliyonyooka. Akafungua daftari. Siku ya tatu, siku ya tano: mistari ileile. Akasogeza sahani huku na huku. Wote vijana. Wote wanarukaruka.

"Unaona?" alisema Gracien nyuma yake. "Bado batoto. Njo hii nilisema."

Mukalay akarudi kwenye daftari, si kwenye michoro bali kwenye maandishi ya pembeni, herufi ndogo za mtu aliyesomeshwa na masista. *Siku ya nne wanaanza kuzaa. Hamisha wakubwa kila siku, la sivyo watoto watajaza sahani na hutajua nani ni nani.*

Katika sahani hii hakuna aliyehamisha mnyoo. Watoto, na watoto wa watoto, wameijaza. Kuona vijana hakusemi kitu. Vijana wangekuwepo kwa tarehe yoyote ile. Lakini kama sahani ilianza tarehe kumi na mbili, ndani yake hawezi kuwepo hata mnyoo mmoja mwenye zaidi ya siku sita. Hata mmoja. Hakuhitaji kuhesabu mia. Alihitaji bibi kizee mmoja, aliye hai.

"Kuna daftari la zamu," alisema bila kugeuka. "La mwezi huu."

"Iko ku biro, ofisi ya mukurugenzi, ngambo ya kiwanja."

"Nenda uniletee, shefu. Polepole tu."

Mlango ulipofungwa, alianza kutafuta. Alipita sahani mstari kwa mstari, kama askari wanavyopita shamba wakitafuta kisu. Maganda. Maiti iliyonyooka. Maiti nyingine. Jasho likaingia jichoni. Karibu na ukingo, mbali na chakula, akamwona: mkubwa mara mbili ya wengine, mnene, amelala. Mwili wote umekufa mwanga, mistari imekatikakatika kama matuta yaliyopitiwa na mbuzi. Shingoni tu palibaki mstari mmoja unaowaka. Mukalay alishusha pumzi juu ya sahani. Mnyoo akatikisa kichwa, kushoto, kulia, akachoka.

Kwenye kikombe cha kalamu kulikuwa na kijiti chenye unywele mmoja mfupi uliogundishwa nchani. Daftari lilikuwa limesema ni wa nini na ni wa nani: *ukope wa Tina, hauchubui*. Tina alikuwa binti wa Tshilombo, miaka sita. Kwa ukope wa mtoto huyo inspekta wa polisi, mikono yake minene, alimwinua mnyoo mzee mara ya tatu alipojaribu, akamlaza kwenye kipande cha kioo na tone la maji. Sahani na kifuniko chake akavitia kabatini. Akafunga.

Gracien aliporudi, Mukalay alikuwa amekaa, kalamu mkononi, sura ya mtu mwenye kazi ya ofisi.

"Shefu, kuna kitu kidogo. Ripoti yangu lazima iseme kama huyu mkuu mpya kazi anaiweza. Mkurugenzi anauliza, kwa vile Tshilombo ndiye alikuwa anajulikana."

Uso wa Gracien ulibadilika. Mtu akikaa miaka sita pembeni ya mwingine, jambo hilo linamuuma kuliko njaa. "Banauliza kama mi ninaweza?"

"Wanauliza. Kuna mnyoo hapa nimeokota, sijui wa sahani gani. Niambie tu ana siku ngapi."

Gracien hakuuliza sahani gani. Aliketi, akazungusha kioo kwa kidole kimoja bila kuangalia kidole, kama fundi wa kweli, akainama. Alikaa muda. Alikuwa mzuri katika kazi yake. Jambo hilo ndilo Mukalay angelikumbuka baadaye.

"Huyu ni muzee. Angalia, mistari yote imekufa, ni ku shingo tu inabakia. Ya tumbo imekufa tangu siku tatu, ine. Huyu ni siku kumi na tano. Hapana." Akainama tena. "Kumi na sita."

"Haiwezi kuwa sita? Saba?"

Gracien alicheka. "Inspekta, muntu wa kunidanganya siku ya munyoo hajazaliwa. Hata Tshilombo hakuniweza."

"Nimeandika hivyohivyo. Weka saini, ni kwa ajili ya mkurugenzi."

Akaweka saini, ndefu, yenye mkia. Mukalay akapuliza wino ukauke, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akaenda kabatini, akatoa sahani, akaiweka mezani, kifuniko juu. 12/3.

Nje mtu alipita akivuta toroli. Gracien alitazama kifuniko, akatazama hadubini, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa bado umeshika kioo.

"Sahani ilianza tarehe mbili," alisema Mukalay. "Ukaongeza moja. Lakini mnyoo hukumpunguzia siku."

"Mikroskope inadanganya."

"Umesema hajazaliwa wa kukudanganya."

Gracien alivua koti, akalikunja vizuri juu ya magoti kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Aliposema, sauti yake haikuwa ya kuomba. "Mi nilifungua mulango tu. Sikushika hata kikombe moja. Siku ya kumi, Jumatano, balikuya na jeep ya kijani, ile kioo yake ya mbele imepasuka. Baliniambia, we ni mwana wa inchi, Tshilombo anaenda, utakuwa shefu. Ningesema nini? We ungesema nini, tata?"

Jeep hiyo Mukalay aliijua. Asubuhi ileile alikuwa amepanda ndani yake, pembeni ya komanda, upande wa kioo kilichopasuka.

*

Komanda Kabongo alisoma karatasi ya Gracien amesimama. Akaisoma tena. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Ilikuwa kazi safi, Mukalay. Munyoo. Sikufikiria."

"Ameitaja jeep, komanda."

"Jeep ziko mingi."

"Zenye kioo kimepasuka ni moja."

Komanda alienda dirishani. Vijana walikuwa bado pale, wimbo uleule. "Sikia. Kama mi ninafunga Gracien, laboratware inabaki na nani? Bakasai banaenda bote. Tutatia kuku mule ndani? Faili linafungwa. Bikombe bilipotea mu machafuko. Tshilombo hana kosa, anaenda na treni yake. Njo hii ulitaka."

"Nilitaka aliyeiba."

"Saa nane na nusu," alisema komanda, bila ukali. "Ukitaka aliyeiba, tunaendelea na uchunguzi. Na Tshilombo anakaa na siye mpaka tumalize. Uchague."

Kwa hiyo Mukalay alichagua. Alipiga mhuri mwenyewe, faili limefungwa, na chini ya mhuri akaandika mstari mmoja ambao komanda hakujali kuusoma: *Faili likifungwa, vielelezo vinarudishwa kwa mwenyewe.* Kisha akachukua kielelezo namba nne na kumtoa Tshilombo kwa mlango wa jikoni.

*

Stesheni ilikuwa na vumbi la magodoro. Mabehewa yalikuwa yale ya kubebea mawe, mekundu, bila paa, na watu walikuwa wamesimama ndani yake kama mihogo iliyosimamishwa kwenye kapu. Elise alimwona mumewe kwa mbali, hakulia wala hakukimbia. Alimwinua Tina juu ili baba amwone, akasogea apate nafasi ya miguu miwili.

Tshilombo alipanda. Ndipo Mukalay akampa daftari, na lile jalada la kijani lilipomfika mkononi, mtu huyu aliyevumilia siku mbili za seli alikunja uso kama amechomwa.

"Unipatie barua, basi," alisema. "Ya kusema sikuiba."

"Faili limefungwa. Hakuna barua."

"Gracien?"

"Amebaki shefu."

Tshilombo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jibu la kitendawili alichokijua tangu zamani. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Akaomba kalamu ya Mukalay.

"Ulimuona wa siku kumi na sita? Mi siku zote nilikuwa napoteza hesabu pale. Eleza."

Filimbi ikalia mara ya kwanza. Mukalay alieleza, mkono wake umeshika ukingo wa behewa: mwili umezimika, tumbo limezimika, mstari mmoja shingoni, kichwa kinatikisika mara mbili kisha kinachoka. Tshilombo aliandika yote kwa herufi zake ndogo, daftari limewekwa juu ya bega la Elise. Akaligeuza.

"Weka saini. Ni wewe uliona."

Mukalay akaweka saini. Ndiyo saini pekee aliyoitia siku ile ambayo hakuna mtu angeifungia mfukoni.

"Na ulimuacha wapi?" aliuliza Tshilombo. "Ulimurudisha mu sahani?"

Behewa likavutika kidogo, vyuma vikagongana. Mukalay alikumbuka meza, dirisha, kile kioo cha chini kilichokusanya jua lote la mchana.

"Nilimwacha kwenye kioo. Chini ya hadubini."

"Na tone moja ya maji."

"Moja."

Tshilombo alitazama jua, akahesabu saa kwa midomo.

"Basi amekwisha kukauka," alisema, na treni ikiondoka aliandika hilo nalo.